Upofu wa Husni Umeingilia Mlango Gani

Usinipindie mdomo, na usinitazame kama mtu aliyekunywa maji ya bahari. Ulichosikia ndicho. Nilitoka nje, nikakaa na wanaume kwenye baraza yangu mwenyewe, nikasema kwa ulimi huu kwamba upofu wa mjukuu wangu Husni, mwana wa binti yangu, umepitia tumboni mwangu, haukupitia kwa babake. Wewe umekuja na sahani ya halua kumposea mwanao mjukuu wangu Huwaida, dadake Husni. Umefika mlangoni ukakumbuka maneno ya watu, halua ukaisukuma chini ya buibui. Naiona. Kaa. Nitakusimulia huku navaa, maana leo ni harusi ya Husni, nami sichelewi harusi kwa ajili ya mtu anayebisha jambo ambalo hajalisikia mpaka mwisho. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini masikio yangu hayakuacha shule.

Baraza ya nyumba hii waijua: benchi la mawe lililopakwa chokaa, kwenye ndia ya kwendea msikitini, pikipiki zikipita zawapaka vumbi waliokaa, nao hawahami. Kila alasiri hapa Faza watakuwa hao hao. Yuko Faiz, waliyembandika jina la Kamusi kwa kuwa kila jambo ana methali yake, na kila methali yake haiingii pale anapoitia. Yuko Jeilani, yaani Injini, fundi wa pikipiki, anayeamini kwamba kila alichoumba Mungu ni pikipiki ya namna fulani. Yuko Jamaludin, Breki, kwa sababu shauri lolote likianza kwenda yeye hulizuia. Na huyo ndiye babake Swafiya, mchumba wa Husni. Na yuko ndugu yangu Athman, baba mmoja mama mmoja, aliyepofuka akiwa kijana na akazeeka bila mke. Wao humwita Kurunzi, nao hulicheka jina hilo kila siku kana kwamba limezaliwa jana. Kahawa ni yangu, tungu isiyo sukari, yenye tangawizi. Huwatolea dele la kahawa nje, nikarudi ukumbini, na mlango nikauacha nusu wazi. Wanaume hudhani mlango ulio nusu wazi ni nusu kiziwi.

Alasiri hiyo walikuwa wakimwamulia Husni kama samaki mnadani. Wajua yaliyompata. Alikuwa nahodha wa boti ya abiria, akaanza kuona shimo katikati ya kila kitu: akikutazama usoni anaona masikio yako mawili, pua imekwenda. Jicho moja kwanza, kisha la pili. Mato hayakuuma, hayakuwasha. Akaniambia, “Bibi, watu wamekuwa masikio matupu.” Boti akaishusha abiria, akakabidhi ufunguo, akaja kukaa hapo ulipokaa wewe. Posa ya Swafiya ilikuwa imekwisha kupokelewa, siku imewekwa. Jamaludin akaanza kusema ngojeni kwanza.

Nami nitamtendea haki, kwa sababu hakuwa na uovu. Nilimsikia kwa masikio yangu:

— Kipofu mimi namtaka. Husni nimemjua tangu anatambaa. Wajukuu vipofu ndio nisiowataka. Nikimpa Swafiya, watoto watazaliwa na mato ya nani?

Hapo ndipo kila mtu alipopata la kusema. Kanuni ya mji huu unaijua, umekua nayo: kijana wa kiume wa nyumba hii haozwi, atazaa giza, lakini binti wa nyumba hii haulizwi neno, kwa kuwa mabinti zetu hufa wakiona, hutia uzi kwenye sindano bila miwani. Mjomba wangu alinyimwa mke kwa kanuni hiyo. Athman akanyimwa. Sisi wasichana tukapigiwa foleni.

Kamusi akatoa sababu ya kwanza, kwamba babu mmoja wa upande wa baba alimchungulia jini akioga kisimani, na jini akayaapiza mato ya kizazi chake cha kiume. Akamalizia na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Athman akamwambia kwamba miguu yake haina neno, asante. Injini akasema hayo ni ya zamani, mambo ni mafundi: mtoto ni pikipiki, injini hutoka kwa baba, tanki hutoka kwa mama, na taa hufungwa kwenye nyaya za injini, kwa hiyo mato ni ya baba. Kamusi akaona ameshindwa, akaongeza kwamba baba akila jicho la samaki usiku wa ndoa yake, mwana hulipa. Injini akapanda zaidi. Akasema ni taa za bandari mpya, kule Kililana, zinaunguza mato ya vijana hata wakiwa huku kisiwani. Akaulizwa, na Kurunzi aliyepofuka kabla hata mji huu haujaona jenereta? Injini akanywa kahawa, akafikiri, akasema miale ni kama maji kujaa na kupwa, mingine hurudi nyuma ikampata mtu kabla taa haijawashwa.

Katikati ya upuuzi huo akapita Mwalimu Jabez, huyu mgeni kutoka bara aliyeletwa shule ya msingi mwaka huu. Wakamkaribisha. Akakaa mwisho wa benchi, akaungua vidole kwa kikombe, akasema yeye atasikiliza tu. Mtu wa kwanza kusema hivyo na kutimiza.

Kisha Jamaludin akatamka lile lililonitoa ndani.

— Basi mimi nitatuma mtu kesho. Niwaambie tuivunje posa kwa wema, kabla haijafika kwa kadhi.

Nikavuta mtandio, nikachukua dele, nikatoka. Sikuliweka na kurudi kama kawaida. Nilimsogeza Kamusi kwa goti, nikakaa. Unajua mwenyewe, mwanamke wa hapa hakai barazani na wanaume alasiri, watu wakitoka na kuingia msikitini. Nilijua. Ndiyo sababu nilikaa.

— Bi Mwanamkisi, kuna nini? akasema Injini.

— Kuna kahawa. Na mimi nina swali. Kamusi, nitajie baba zako.

Akafurahi, akavimba. Faiz bin fulani bin fulani, akapanda hadi wa saba bila kupumua, hadi yule aliyekuja na ng'ombe na yule aliyekuja bila ng'ombe.

— Maashallah. Sasa mama zako.

Akamtaja mamake. Akamtaja bibi yake mzaa mama. Akatazama ndani ya kikombe. Injini akajaribu kumsaidia akakwama kwenye bibi. Jamaludin hakujaribu.

— Hapo ndipo mlipopotea, nikawaambia. Mato ya nyumba hii mmeyatafuta kwa baba, maana huko ndiko mnakojua ndia. Haya, babake Athman na mimi alikuwa mtu wa wapi?

— Wa Siyu.

— Na babake Husni?

— Wa Kizingitini.

— Wana udugu?

Wakapanda na kushuka kwenye nasaba zao. Hawana. Hata kisima kimoja hawakunywa.

— Na mjomba wangu aliyepofuka kabla ya Athman, babake alikuwa Mbajuni wa Kiunga. Baba watatu, miji mitatu, upofu mmoja. Wamekutana wapi, Jamaludin? Mwanamume mzima, mfanyabiashara, nieleze. Wamekutana wapi?

Athman ndiye aliyejibu, uso ameuelekeza barabarani.

— Kwetu. Kwa mama.

Basi nikawaeleza alivyonieleza daktari wa macho kule Mombasa. Alichukua damu ya Husni, ya mamake, na yangu, na majibu yalipotoka nilimfanya arudie maneno mpaka akanitilia chai. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili mna meko madogo madogo, yanaunguza chakula na kutoa nguvu ya kuishi. Wao huyaita mitokondria. Meko hayo yana DNA yao wenyewe, maandishi machache, mbali na yale mengi ambayo baba hutoa nusu na mama hutoa nusu. Hayo machache hutoka kwa mama peke yake. Mbegu ya mwanamume nayo ina meko, ya kuipa nguvu ya kuogelea. Lakini ikishaingia kwenye yai, yai huyavunja yale ya mgeni likabaki na yake. Katika maandishi hayo ya ukoo wetu mna kosa moja dogo. Mshipa wa jicho hula moto mwingi kuliko viungo vingine, kwa hiyo meko yakilegea, mshipa huo ndio wa kwanza kufa njaa. Si kila aliyerithi hupofuka. Mwanangu wa kiume kule Kiunga anaona mpaka leo. Huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na nilipomuuliza kwa nini, daktari akasema sababu yote hawajaijua. Nikampenda kwa hilo. Hapa barazani hakuna aliyewahi kukosa sababu.

Nilipotaja mbegu ya mwanamume Kamusi alijifunika uso kwa kofia. Ana watoto tisa.

— Kwa hiyo baba hana kitu? akauliza Injini, amekasirika kama mtu aliyeibiwa spana.

— Anacho. Pua ya Husni ni ya babake, na ukaidi, na jina. Nasaba ni ya baba, sheria ni ile ile, sikuja kuibadilisha. Nasema meko tu.

— Mimi sielewi. Injini ikitoka kwa mama, na huyo mwana anayo, kwa nini asimpe mwanawe?

— Jeilani, wewe unalala wapi?

— Kwangu.

— Kwako wapi?

Akakohoa.

— Kwa mke wangu.

— Hiyo nyumba alipewa na nani?

— Na mamake.

— Na nyumba uliyozaliwa wewe, yuko nani?

— Dada yangu.

— Siku ulipooa ulitoka humo na nini?

— Na begi, akasema Athman. Nalikumbuka, lilikuwa na zipu mbovu, lilipiga kelele hadi mwisho wa mtaa.

Wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke, maana mtu akicheka koo huwa wazi.

— Basi meko yale ni nyumba, nikasema. Mwana wa kiume hukaa ndani, hula ndani, paa likivuja humnyeshea kama wengine. Akioa hutoka na begi. Nyumba haimfuati. Binti ndiye hukabidhiwa, pamoja na ufa wake ukutani. Nyumba hii alinipa mama yangu, Mwana Hidaya; naye alipewa na mamake, Mwana Shee; naye na mamake, Mwana Nuru. Mimi ninawajua mama zangu kwa sababu nimelala chini ya boriti zao. Husni paa letu limemvujia. Lakini hawezi kulibeba akampelekea Swafiya. Watoto wa Swafiya, Jamaludin, watazaliwa chini ya paa la Swafiya, ambalo ni la mkeo, ambalo ni la mama wa mkeo. Lavuja?

— La, akasema Jamaludin polepole. Mama wa mke wangu anaona mpaka senti iliyoanguka mchangani.

— Basi ndio hao wajukuu zako.

Nikadhani nimemaliza. Lakini Kamusi hajawahi kuona kidonda asikitie kidole. Akaweka kikombe chini, akasema kwa ile sauti yake ya hotuba:

— Ngojeni. Kama ni hivyo, wa kuogopwa si vijana wa nyumba hii. Ni mabinti. Ni Huwaida. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa mara ya kwanza methali yake iliingia mahali pake, na ikaingia kwangu.

Usidhani sikuwa nimelifikiria. Usiku nilipotoka Mombasa nililifikiria, na boti nzima ya kurudi. Kama ningenyamaza, Husni angekosa mke kwa kosa asiloweza kulitenda, na Huwaida angeposwa na nusu ya mji. Kama ningesema, ningemwokoa mmoja kwa kumsimamisha mwingine juani. Nilimwambia Huwaida mwenyewe niliporudi, kabla ya alasiri hiyo ya kutoka nje na dele. Alikuwa anasuka mkeka. Akasema, “Sema, Bibi. Anayenitaka bila kujua simtaki.” Kisha akaendelea kusuka. Amenitoka mimi huyo, kwa meko na kwa kila kitu.

Nikamwambia Kamusi:

— Kweli. Ni Huwaida, na mamake, na mimi. Nimeketi hapa mchana kweupe ili mnione. Na atakayekuja kumposa ataambiwa mlangoni kabla hajavua viatu: huenda ukazaa mtoto atakayeona mpaka uzee, na huenda ukazaa wa kuongozwa kwa mkono. Akitaka kuingia, aingie. Akitaka kurudi, ndia anaijua. Lakini asije mtu kuniambia mjukuu wangu ni mkosi. Mimi nimezaa, nimezika, nimelea kipofu na mwonaji kwa sufuria moja, na nyinyi kahawa yangu mmekunywa miaka yote bila kuuliza imepikwa na meko gani.

Injini akalichukua dele kumimina, likatoa matone na masimbi, yale mashapo ya chini. Nilifikiri sasa watainuka, kwa maana kahawa ikiisha baraza huisha. Ndipo yule mwalimu kutoka bara, aliyekuwa ametimiza ahadi yake ya kunyamaza, akainua mkono kama mmoja wa wanafunzi wake.

— Samahani, mimi ni mgeni, labda sijafuata vizuri. Kama wanaume hawapitishi hii kitu kwa watoto wao, sasa huyu Mzee Athman alinyimwa mke kwa nini?

Aliuliza kwa nia njema. Angejua asingeuliza. Wenyeji wote wa mji huu wanajua kwamba Athman aliposa mara moja tu katika maisha yake, na kwamba aliyeposwa alikuwa shangazi yake Jamaludin, na kwamba babake Jamaludin ndiye aliyekataa. Alikaa kwenye benchi hili hili, akasema anamtaka kipofu, wapwa vipofu ndio asiowataka. Yule bibi aliolewa Lamu, akafia huko. Kamusi akatafuta methali, nikamwona anavyoitafuta, mdomo wazi. Haikuja. Injini akashughulika na mfuniko wa dele. Jamaludin alikuwa ameinamia mikono yake.

Athman akanyoosha kikombe mbele, kikakaa hewani.

— Imebaki, dada?

— Imekwisha.

— Basi tena.

Akakirudisha kikombe chini kwa kupapasa, akakitua pale pale alipokiokota. Kwa jambo kama hilo maneno ni kama kumwaga maji kwenye nyumba iliyokwisha kuungua.

Mwadhini akaanza. Kwa kawaida Injini ndiye humwongoza Athman msikitini, akimtania ndia nzima. Siku hiyo Jamaludin alisimama wa kwanza. Akapangusa mkono kwenye kikoi chake, akaushika mkono wa ndugu yangu.

— Twende, Bwana Athman, akasema.

Hakusema Kurunzi. Wamekwenda hatua chache akageuka, hakunitazama mimi, alikitazama kizingiti.

— Bi Mwanamkisi, siku ni ile ile. Mwambie Husni nguo zake ziko tayari kwetu, Swafiya amezipiga pasi tangu juzi. Hakuniuliza.

Ndiyo hiyo. Ndiyo habari uliyoletewa na watu ikiwa imekatwa kichwa na mkia. Husni anaozwa leo, na ataingia nyumba ya Swafiya na begi, kama wanaume wote. Athman ndiye anayekaa upande wake wa kulia kwenye akdi, ndoa ikifungwa. Jamaludin ameomba mwenyewe. Kamusi amesema atatoa nasaha, na tumemuomba asitoe.

Sasa inuka. Nimekwisha kufunga mtandio na naona buibui langu halina kasoro. Huwaida yuko huko tangu asubuhi anamsaidia Swafiya, hutampata hapa wa kumchunguza macho. Ulilokuja kuuliza umejibiwa, na umejibiwa na mwenye tumbo. Sitakupunguzia na sitakuapia. Mwanao ni mtu mzima, mwambie yote, kisha aamue yeye, asiamuliwe na benchi.

Na hiyo sahani itoe chini ya buibui, mafuta yanapenya. Iweke mezani au iondoe, lakini usiifiche; humu ndani tumefichiwa vya kutosha. Mimi sitazami. Tangulia... haya, nami huyo natoka. Nafunga mlango, wote, si nusu. Halua ikiwa imebaki ndani nitaikuta nikirudi.